Samaki ya Wakwe na Taa za Kamyoneti

Waliokuwa ndani ya safari hii ni hawa. Ilunga, mutoto wangu wa pili, njo mwenye kamyoneti na njo alishika usukani. Mujinga, muke wake, alikaa katikati. Mimi Mwadi, mama ya Ilunga, nilikaa kwenye dirisha. Nyuma, ndani ya sanduku pamoja na magunia, alikaa Bwalya, mukwe wetu, bwana ya Feza. Feza ni binti wa kwanza wa Ilunga na Mujinga, ni mujukuu wangu, na yeye hakuwa garini. Tulikuwa tunaenda kumuchukua kule Chienge. Waliotupokea kule ni Ba Mwila, baba mukubwa ya Bwalya, aliyemulea tangu udogo, na muke wake BanaChanda. Wengine nitawataja tukiwafikia.

Ninawaandikia ninyi mulibaki Pweto, kwa sababu habari hii imewafikia kwa midomo ya watu wa mitumbwi, na kila mutumbwi unaongeza yake. Masomo yangu ni madogo, munajua, lakini majina sisahau. Heri muisikie kwangu, hata kama kuiandika kunanichoma uso.

Sababu ya kutoka ilikuwa mimba ya Feza, mimba ya kwanza. Kwetu, na kwa Wabemba hivyo hivyo, mimba ya kwanza mwanamuke anaizalia kwa mama yake. Mujinga alikuwa amekwisha kupiga chumba chokaa, ameshona nguo ndogo ndogo, ameomba kwa jirani beseni ya kuogeshea. Ba Mwila alikuwa amekubali kwa telefone: mukuje mumuchukue. Na mujue vizuri kwa nini jambo hili lilikuwa zito. Mama mukwe haendi kulala katika kiwanja cha mukwe wake. Feza akizalia Chienge, atazaa bila mama yake. Hakuna njia ya katikati.

Desturi ile ile njo iliyomukalisha Bwalya nyuma ya gari. Yeye na Mujinga hawaangaliani uso, hawaongei, hawali sahani moja. Akimuona njiani, anaingia majanini. Na baba mukwe, Ilunga, anamujibu tu anapoulizwa, tena kwa sauti ya chini. Kinywa chake kwa wakwe ni mimi. Nkambo, yaani bibi, anaruhusiwa. Ananiita muke wake, namuita bwana yangu, tunatukanana kwa furaha, na kama ana neno la kweli la kupitisha kwa wakwe, analitia ndani ya utani, mimi ninalitoa na kulifikisha. Hiyo ni kazi ya nkambo. Shikeni hapo.

Sasa habari ya taa. Taa za kwanza za kamyoneti zilivunjwa na mutumbwi, na musicheke: vijana walikuwa wameubeba mabegani sokoni Kashikishi, wakageuka bila kuangalia. Ilunga akanunua mafare, ndizo taa za mbele, mapya ya Kichina, makubwa kuliko yale ya zamani, na waya za zamani hazikuingia. Akanunua na waya mpya, Bwalya akazifunga zote. Yeye ni fundi wa taa za mitumbwi. Mwezi ukikosekana, wavuvi wa chisense wanawasha taa juu ya maji, wale samaki wadogo wanakusanyika, na taa zile nyingi za Kashikishi zimepita mikononi mwa Bwalya. Ndiyo maana anakaa kwetu Kashikishi majuma ya giza, na mwezi ukitoka anarudi kwa muke wake Chienge. Safari hii alirudi pamoja na sisi.

Kashikishi, asubuhi. Nilishuka bandarini kununua samaki ya kupelekea wakwe. Nikapata mapale makubwa, perege wale wapana, kwa mama Chola anayeuzia karibu na nyumba ya barafu. Nikayapasua mwenyewe, nikayajaza chumvi, nikayapanga ndani ya kitunga cha matete. Hayakuwa na muda wa kukauka. Ilunga alipofika na gari, maji ya chumvi yalikuwa bado yanatona chini ya kitunga.

Bwalya akaruka kutoka nyuma, akanyoosha mikono. "Muke wangu, lete niweke huku."

"Huku wapi? Kule unakalia?"

"Nitakaa pembeni."

"Makalio yako hayajui pembeni."

Alicheka, na Ilunga akajifanya hakusikia, kama inavyotakiwa. Nikasema kitunga kifungwe mbele, kwenye zile chuma nene zinazokinga taa. Kwetu chakula ya wakwe haikaliwi wala hairukwi na miguu. Inatangulia, ili wenyeji waione kabla ya kuona nyuso zetu. Mama yangu Numbi alifanya vile kwa miguu: mwenye kubeba kitunga alienda mbele peke yake, sisi wengine nyuma. Basi tangu Ilunga apate kamyoneti, kila tukienda kwa wakwe au kwenye kilio, kitunga changu kinafungwa mbele. Kwa njia hiyo gari imepeleka samaki wangu mahali pengi, na mimi nilijiona mwanamuke anayejua adabu.

Mchana, Kenani. Tulisimama kushusha magunia ya chumvi kwa mama Feliste. Yeye ni wa kwetu, wa upande wa Moba. Alivuka na mutumbwi wakati watu walikuwa wanakimbia vita, akafikia kwenye kambi ile ya Kenani, na sasa ana duka la mbao. Ilunga alipokata kona kuingia kwake, mama Feliste alisimama mulangoni mikono kiunoni.

"Ilunga, gari yako inanitongoza?"

"Mama?"

"Inanikonyeza. Umepiga taa ndogo ya kugeukia, na zile kubwa nazo zinapepesa macho."

Ilunga akawasha taa za mbele. Ya kushoto ilitoka manjano kama papai. Ya kulia ilikuwa kaa la moto linalokufa. Akaongeza mwanga wa mbali, zote mbili zikalala. Akapiga tena taa ya kugeukia, mafare yakaanza kupumua pamoja nayo, yanakuja, yanakwenda. Akaita nyuma, "Bwalya."

Mujinga akashuka, akajifunika kitenge, akapita nyuma ya duka ili mukwe aweze kufika mbele. Bwalya akafungua kofia ya injini. Akatoa fizi, ile kipande kidogo kinachokatika moto wa batri ukizidi, akaiangalia kwenye jua: nzima. Akaweka kidole juu ya rele, ile sanduku ndogo inayopitisha moto kwenye taa, akamuomba Ilunga awashe. Ikapiga tak, nzima. Kiisha akainama kwenye uso wa gari, chini, pale kitunga kilipofungwa. Mukono wake ukasimama hewani. Akainuka polepole.

"Nkambo," alisema, bila kuniita muke wake. "Hii samaki tungeifungia nyuma."

Nikamujibu mbele ya Ilunga na mama Feliste: "Tangu lini chakula ya wakwe inakaa nyuma? Umekuwa muzungu?"

Mama Feliste alicheka, mimi nikacheka. Bwalya akaangalia viatu vyake. Ilunga akamuuliza, "Waya zina nini?"

"Baba, nitaziangalia vizuri tukifika. Heri tufike kabla ya giza."

Hayo yalikuwa maneno mawili, na yote mawili niliyaacha yaanguke. La pili nililiangusha palepale, maana mama Feliste alikuwa amekwisha kutenga muhogo na chai, na alitaka kujua ya Pweto: nani amerudi, nani ameolewa, nani amekufa. Nilimutajia mumoja mumoja, na mama zao. Mujinga alikaa kwenye ngazi ya duka, kitenge magotini, anaangalia jua linavyoshuka. Alisema mara moja, "Mama, twende?" Nikamwambia mutoto hatazaliwa leo.

Darajani Kalungwishi. Jua lilikuwa limekwisha kuzama ziwani tulipovuka. Upande ule barabara inapita karibu na vijiji, watu wanatoka mashambani, baiskeli zina mikaa, zina mikungu, zina watoto. Ilunga akawasha taa. Nilidhani hajaziwasha.

"Zimewaka?" nikamuuliza.

"Zimewaka, mama."

Hatukuenda mbali. Mwanamuke mumoja alikuwa mbele yetu na muzigo wa kuni kichwani, Ilunga akamuona tulipokuwa karibu kumugusa. Akavuta usukani, gari ikaingia muchangani, kuni zikaanguka barabarani zote. Mujinga alinishika mukono kwa kucha. Yule mwanamuke alikuwa muzima. Jina lake Chibwe. Nilimuuliza wakati tulimusaidia kufunga kuni zake. Alituambia kwa Kibemba, bila kelele, kwamba ana watoto wadogo nyumbani. Halafu akaenda.

Sasa sikieni alichofanya Bwalya. Hakuna mutu aliyemutuma. Alitoa ndani ya mufuko wake taa ya mutumbwi na batri yake ndogo, akazunguka upande wa usukani, mbali na Mujinga, akapanda juu ya zile chuma za mbele, karibu na kitunga changu, akatugeuzia mugongo. Akawasha taa, akaishika juu ya kichwa. Ilunga akaendesha mwendo wa mutu anayefuata jeneza.

Fikirini kile kioo. Upande huu mama mukwe, upande ule mugongo wa mukwe wake, karibu kuliko walivyokaribiana tangu harusi. Mujinga akafunika kichwa chote na kitenge, na akabaki vile mpaka mwisho. Alipumua ndani ya nguo. Mimi sikufunika kitu. Niliangalia ile shati ya Bwalya inavyopepea, na ndani yangu hasira ikaanza kupanda, kwa sababu nilijua namna tutakavyoingia.

Chienge, giza limekwisha kuingia. Tuliingia hivyo hivyo. Watoto walikimbia mbele yetu wakisema chisense wanakuja, taa imefika. Kijana mumoja, Mulenga, jirani ya Ba Mwila, akasema kwa sauti ili wote wasikie, "Bwalya, ziwa limekufuata mpaka nyumbani?" Wanawake kwenye pompi ya maji walicheka wakashika ndoo. Mimi, ambaye nilitaka samaki wanitangulie kwa heshima, nilitanguliwa na mukwe wangu aliyekaa puani mwa gari kama ndege juu ya nguzo.

Ba Mwila alitoka na fimbo yake. "Mwaiseni, mwaiseni mukwai." BanaChanda alipiga magoti, akapokea kitunga kwa mikono miwili, akashukuru kwa kupiga makofi. Feza alikuwa mulangoni mwa jikoni, tumbo mbele, mwiko mukononi, anacheka kwa kutuona. Ba Mwila akauliza kwa wema, "Njiani mulipata nini?"

Kulikuwa na majibu mengi. Ningesema taa zimetusumbua, tunamushukuru Mungu. Nilisema hivi, na ninaandika kama nilivyosema:

"Ba Mwila, muulize mutoto yenu. Tulimupa waya nzuri za gari, akatufungia kamba za mitumbwi. Waya nzuri ziko wapi, yeye njo anajua. Mutu aliyezoea kukata waya gizani, mukono wake hauachi kukata."

Mulenga aliacha kucheka. Sikuwa nimesema "bwana yangu". Kama ningelianza na neno lile, ingekuwa utani, Bwalya angenirudishia tusi kubwa kuliko langu, na watu wangekula kwa furaha. Nilisema kama mashitaka. Na baba mukwe amesimama pale, na mama mukwe yuko bado garini chini ya kitenge, anasikia yote. Bwalya angefungua kinywa namna gani? Alikuwa bado ameshika taa ya mutumbwi, inawaka. Akaizima. Nikasema moyoni: unaona, amekubali.

Ba Mwila alisema, "Mumefika na njaa. Mukule."

Tulikula. Walikuwa wamepika ugali, na BanaChanda akaongeza samaki wangu wawili, wenye chumvi kali. Hakuna aliyesema ni watamu. Mujinga alienda kulala kwa mama mumoja wa kanisa, jina lake Kunda, nje ya kiwanja, kama desturi inavyotaka. Kabla sijaingia ndani, Ba Mwila aliniita mimi na Ilunga. Alikaa kwanza, kiisha akasema, "Kesho tutafungua gari mbele ya wote. Kama mutoto yangu aliiba, mumupeleke Feza na musimurudishe, sisi hatutafuata. Kama hakuiba, tutaongea tena."

Asubuhi ya kesho yake. "Mwashibukeni," tulisalimiana, kila mutu na macho chini. Gari ilisukumwa katikati ya kiwanja. Ba Mwila akakaa kwenye kiti, BanaChanda juu ya mukeka, Feza karibu naye. Mulenga alikuja pia, na sikuweza kumufukuza. Nilikuwa nimemupa tamasha mwenyewe.

Bwalya alileta chombo chake cha kupimia: ampule, yaani balbu, moja ndogo ya gari, yenye waya mbili. Halafu akanipa mimi.

"Nkambo, shika wewe. Mimi nitaonyesha mahali tu."

Nilitaka kukataa. Ba Mwila akasema, "Shika, nkambo. Macho yako yaone."

Nikashika. Waya moja ya ampule nikaiweka kwenye kichwa kile cha batri ambacho moto unarudia, nyingine Bwalya akanielekeza kwenye waya inayoingia nyuma ya fare. Ilunga akawasha. Ampule ikawaka nyeupe kabisa.

"Hiyo ni waya inayoleta moto," Bwalya alisema. "Ni ile ile baba alinunua. Mutu anaweza kuifuata na mukono." Ilunga akaifuata kweli, kutoka kwenye batri mpaka fare, mara ya kwanza na mara ya pili. Ilikuwa nene, nyeusi, nzima, imefungwa kila mahali na mukanda. Hakuna kamba ya mutumbwi hata moja. Alipomaliza hakuniangalia.

"Sasa," Bwalya alisema, "moto unakuja, lakini lazima urudi. Ndani ya mutumbwi, mbao hairudishi kitu, kwa hiyo tunaweka waya mbili mpaka kwenye batri. Ndani ya gari, chuma yenyewe njo inarudisha. Waya ya kurudia inafungwa kwenye mwili wa gari na bulo, ile parafujo nene. Tunaiita masi. Nkambo, ile waya ya kwenye batri uitoe, uiweke kwenye bulo ya masi. Iko chini hapo."

Niliinama. Magoti yangu yalilia. Bulo ilikuwa nyuma ya zile chuma, chini kabisa, pale mahali pa kitunga. Nikaigusa na waya. Ampule, ile iliyokuwa nyeupe, ikawa uzi muwekundu ndani ya kioo, halafu haikuwa kitu.

Nikaweka miwani. Bulo haikuonekana kama bulo. Ilikuwa imevimba, ina maua ya kijani na meupe, na kutu chini yake inatoka vipande vipande kama maganda. Na katikati ya ile takataka kulikuwa na gamba la samaki. Si moja. Makubwa, mapana. Mimi nimepara samaki maisha yangu yote. Hakuna mutu alihitaji kuniambia ni magamba ya pale.

Ba Mwila aliinuka, akaja, akakwaruza ile nyeupe na ukucha, akaitia kwenye ulimi.

"Chumvi," alisema.

Basi wakaniangalia. Niliona kila kitunga nilichowahi kufunga pale, kila kilio, kila harusi, maji yanatona, yanatona. Na sababu ya taa zote kuwaka hafifu na kupepesa, Bwalya alimueleza Ilunga kwa sauti ya chini alipoulizwa: moto ukikosa njia ya kurudi, unaenda kutafuta njia ndani ya taa zingine, ndiyo maana zinapumua pamoja.

Nikamuuliza, "Kule Kenani uliona?"

"Niliona, nkambo. Nilisema tufungie nyuma."

"Mbona hukusema sababu?"

Alijibu akiangalia chini, na hakukuwa na hasira ndani yake. "Mbele ya baba? Niseme chakula munapelekea watu yangu inaharibu gari? Nilisema kwako."

Nilisema kwako. Maneno hayo mawili sijayapatia mahali pa kuyaweka mpaka leo.

Nililala chini ubavuni, kwenye udongo, nikapiga makofi kama Wabemba wanavyofanya mbele ya wakubwa, upande huu, na upande ule. Kwanza kwa Ba Mwila, kiisha kwa Bwalya. Nkambo halali mbele ya bwana ya mujukuu wake, jambo hilo halipo, na BanaChanda alikuja mbio kuniinua, anasema, "Awe mama, awe, inatosha." Bwalya alikuwa amegeuka akaingia nyuma ya nyumba, asinione.

Baadaye alirudi akatengeneza. Akakwangua chuma, akaiacha bulo ile mbovu, akapandisha waya ya masi juu, karibu na batri, mahali hata mvua haifiki. Akapiga msasa mpaka chuma ing'ae, akafunga bulo mpya, akapaka grisi juu. Ilunga akawasha. Ilikuwa mchana kweupe na bado tulilazimika kukinga macho.

Ba Mwila akatuita kivulini mwa ghala. Alisema, "Mutoto yangu si mwizi, na sasa kila mutu ameona. Mimi sina neno. Nkambo amelala chini, imekwisha. Lakini mumoja bado hajasema." Akamuangalia Feza.

Nilidhani ataenda kuchukua nguo zake. Alisimama akashika mugongo, kama wanavyosimama wenye mimba kubwa.

"Mimi ninabaki," alisema.

Ilunga akasema, "Feza, mama yako amekwisha kutengeneza chumba."

"Ninajua, baba. Lakini nikienda leo, watu wa hapa watasema nimemufuata aliyemuita bwana yangu mwizi. Jana hamukuniuliza. Mulimuacha amesimama na taa."

Nikasema, "Basi acha mimi nibaki na wewe. Mama yako hawezi, mimi ninaweza. Nitakukanda, nitakuogeshea mutoto." Nilisema kwa sauti ya kuomba, na nilimaanisha kila neno. BanaChanda alikubali kwa kichwa, alinionea huruma.

Feza alikuja karibu. Alinishika mikono, hakunitupa. "Nkambo, rudi nyumbani. Ukibaki, kila asubuhi nitamuona Bwalya anakusalimia na kichwa chini. Hatawahi kukuita muke wake tena ndani ya nyumba yake. Mimi sitaki kuzaa ninaangalia hiyo."

Hakulia. Mimi njo nililia.

Ilunga alitumwa kwa mama Kunda kumueleza Mujinga. Mimi nilibaki kiwanjani. Niliona kwa mbali tu: Mujinga amesimama kwenye jua, Ilunga anaongea, na yeye anakunja kitenge chake mara mbili, mara tatu, mpaka kikawa kidogo kama leso. Feza akatoka kiwanjani kwenda kumuaga. Walikaa pamoja kwenye ukingo wa njia, mama na binti, na mama akaweka mukono juu ya tumbo. Sijui walisema nini. Nimezoea kujua.

Njia ya kurudi. Bwalya hakuja, mwezi ulikuwa umetoka, wakati wake wa kukaa nyumbani. Nyuma ya gari magunia ya muhogo tu, zawadi ya BanaChanda. Mujinga hakuwa na sababu ya kujifunika, na uso wake wazi ulikuwa muzito kwangu kuliko kile kitenge. Tulipofika pale kuni zilipoanguka, nilimutafuta Chibwe kwa macho, sikumuona. Kenani, mama Feliste alipunga mukono, akatazama ndani ya gari, akahesabu vichwa, akateremsha mukono. Hatukusimama.

Tuliingia Kashikishi wakati wauza samaki wanawasha vibatari. Ilunga akawasha mafare. Mwanga ukaenda mpaka kwenye meza za mwisho, ukaonyesha mizani, mikono, mapale yaliyopangwa. Mujinga alifuata mwanga ule na macho.

"Mama," alisema, "taa ni nzuri."

Nilisema ndiyo.

Feza alizaa kule Chienge, kwenye kliniki, mutoto mwanamuke, wazima wote wawili. Mujinga alimuona mujukuu wake mara ya kwanza wakati mutoto alikwisha kushika shingo. Walikuja naye kwa gari ya watu wengine. Bwalya alinisalimia, "Mwapoleni mukwai nkambo," kwa adabu kabisa, kama mutu anasalimia muke wa pasta wa kanisa lingine. Ninangoja siku atanitukana.

Nimejifunza nini, mutaniuliza, maana safari lazima irudishe kitu. Samaki wa chumvi wanakaa nyuma, ndani ya beseni yenye mufuniko, na wakwe hawakufa kwa hilo. Niliuliza wazee watatu, wote walishangaa nilikuwa nangoja ruhusa. Gari ikikonyeza, angalieni masi kabla ya kuangalia watu. Lakini kubwa ni hili: nilidhani kazi ya nkambo ni kusema, kwa sababu mimi peke yangu ninaruhusiwa kusema na pande zote. Nilikuwa nimewekwa pale kusikia. Bwalya alikuwa na kinywa kimoja tu kwa wakwe, na kinywa hicho kilikuwa kinacheka na mama Feliste.

Sasa ninyi, na hasa Ilunga na Mujinga mutakaposomewa karatasi hii: kama nimekosea jina la mutu au mahali, kama alikuwa mwingine badala ya Mulenga, kama mama Kunda ni Kunda wa kanisa lingine, munirekebishe, nitafuta na kuandika upya. Kichwa changu si kile cha zamani. Lakini yale niliyosema kiwanjani kwa Ba Mwila, usiku ule, nimeyaweka kama yalivyotoka. Hayo musinipunguzie.